Moshi na Mvuke: Maneno ya Kufufulia Kichwa cha Garimoshi

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, baada ya kupita Isaka, Shinyanga na Malampaka. Mtambo uliovuta mabehewa katika njia hiyo ulikuwa na jina lake tangu pwani: gari la moshi, ambalo baadaye liliunganishwa likawa garimoshi. Jina hilo limetutumikia vema. Hata hivyo, lilishika kile kinachotupwa nje kwa dohani, likaacha kile kinachosukuma magurudumu. Moshi haukuvuta hata behewa moja hadi Shinyanga. Kilichovuta ni mvuke.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba anayetaka kufufua kichwa cha zamani cha mvuke, au kutafsiri maelekezo ya kazi hiyo, hana budi kuyatenganisha kwanza maneno hayo mawili, na mengine mengi yaliyochanganyika pamoja nayo. Jambo hili si mchezo wa maneno. Boila ya mvuke ni chombo kiwezacho kuua. Maji yanapogeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa hupanuka kiasi cha mara 1,700. Yakifungiwa ndani ya chuma kilicholiwa na kutu, hupasua. Fundi aliyeambiwa "angalia moshi", ilhali mwandishi alikusudia "angalia mvuke", amepewa agizo la hatari.

Kwanza tutazame historia. Reli ilipoondoka pwani kuelekea bara haikubeba vyuma peke yake. Ilibeba pia msamiati wa bahari. Nauli, ambayo ilikuwa ada ya chombo cha baharini, ikawa ada ya safari ya nchi kavu. Shehena ya jahazi ikawa shehena ya mabehewa. Taruma, yaani ubao unaoimarisha ubavu wa chombo, likawa jina la gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli. Dohani ya meli ikasimama juu ya kichwa cha garimoshi. Behewa lenyewe lilitoka katika nyumba za mawe za pwani, ambamo maana yake ilikuwa ukumbi au ua wa ndani. Hivyo mkulima wa pamba wa Shinyanga, ambaye pengine hakuwahi kuiona bahari, alipokea pamoja na reli maneno ya manahodha na waashi wa pwani.

Hakuna kikao kilichoyaamua hayo. Kamati ya kusanifisha Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, miaka 2 baada ya reli kufika Mwanza; na Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Makuli, makarani, madereva na wachochea moto walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao ya lugha zamani. Kwa hiyo mwenye kuunda istilahi za mvuke leo haanzi na ukurasa mtupu. Anaingia katika nyumba ambayo tayari ina wenyewe.

Kisha mvuke ukastaafu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vichwa vya dizeli vilizidi kuchukua nafasi yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika lake la reli likagawanyika pia. Lakini jina halikustaafu. Watu waliendelea kupanda garimoshi lisilotoa mvuke. Wenzetu wa Kenya wana mfano wa ajabu zaidi: neno stima, lililotokana na meli ya mvuke, kwao leo ndilo jina la umeme wa majumbani. Jina limehama kutoka nguvu moja hadi nyingine, na msemaji hahisi kwamba kuna safari iliyofanyika. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna ubaya. Ubaya huingia pale jina lile lile linapotakiwa kuandikwa katika kitabu cha ufundi.

Je, kuna haja ya kitabu cha namna hiyo, ikiwa mvuke umekwisha? Ipo, na ushahidi uko Nairobi. Makumbusho ya Reli ya mji huo, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanatunza vichwa kadhaa vya iliyokuwa reli ya Afrika Mashariki. Viwili kati ya hivyo vilirudishwa katika hali ya kufanya kazi, na mwanzoni mwa karne ya 21 vikawasha moto tena na kutembea relini. Namba 3020 inaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Kundi lake, la 30, lilijengwa Glasgow na North British Locomotive Company katika miaka ya 1955 na 1956, likapewa tenda kubwa za maji kwa ajili ya safari ndefu za nchi kavu kama ile ya Tanganyika. Namba 5918 inaitwa Mount Gelai, na mlima Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kundi lake, la 59, lilikuwa na vichwa 34 vilivyojengwa Manchester na Beyer, Peacock. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252, na vilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Basi vichwa hivyo vilivyopumua tena katika nchi jirani vina majina ya watu na milima ya kwetu. Yafaa nasi tuwe na maneno ya kuvielezea.

Kazi ya kufufua kichwa cha aina hiyo huanza kwenye boila, wala haianzi kwenye rangi. Fundi hupima unene wa mabamba ya chuma ili ajue kutu imekula kiasi gani. Huingia katika tanuri, mahali moto unapowaka, akatafuta nyufa. Huitoa mirija inayopitisha hewa ya moto katikati ya maji, kwa sababu mirija ndiyo huchakaa upesi. Huangua ukoko, yaani chokaa iliyoganda juu ya chuma kwa sababu ya maji yenye chumvi. Neno ukoko tumelitoa jikoni, na tunaona linafaa kuliko neno lolote la kuundwa, kwa kuwa kila mpishi wa wali anajua sifa zake: hushika sana, huzuia joto lisipite sawasawa, na chungu huungua chini yake. Madhara ya ukoko katika boila ni hayo hayo.

Baada ya matengenezo huja jaribio la maji. Boila hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha hushinikizwa kupita kiwango cha kazi yake. Boila za kundi la 59, kwa mfano, zilifanya kazi kwa ratili 225 kwa kila inchi ya mraba. Jaribio lazima lizidi hapo. Hutumiwa maji, wala hautumiwi mvuke, kwa sababu maji hayabanwi kwa urahisi: chuma kikishindwa, maji hutiririka na kanieneo hushuka mara moja, ilhali mvuke ungelipuka. Hapa mfasiri aone uzito wa kazi yake. Akiandika "jaribio la boila" bila kutaja maji au mvuke, ameacha neno lile ambalo uhai wa fundi unalitegemea. Twapendekeza yawepo majina mawili yaliyo wazi, jaribio la maji na jaribio la mvuke, na lile la pili lisifanywe kabla ya lile la kwanza.

Kuna na kilele cha tanuri. Bamba hilo la juu lapasa kufunikwa na maji wakati wote moto unapowaka. Likiachwa wazi hulainika kwa joto na kupasuka. Ndiyo maana dereva ana kioo cha maji mbele yake, na ndiyo maana huwekwa kizibo cha madini laini kwenye kilele hicho. Maji yakipungua mno, kizibo huyeyuka na mvuke huingia motoni, ukatoa onyo kabla ya msiba. Maneno kioo cha maji, kizibo cha kuyeyuka na vali ya usalama ni mepesi na yanaeleweka na kila fundi. Hatuoni sababu ya kuyabadilisha kwa maneno mazito yatakayohitaji kufasiriwa tena kwa Kiswahili.

Bahari nayo bado ina mchango. Boila nyingi za zamani ziliungwa kwa ribiti, na kingo za mabamba zilipigwa patasi butu ili zizibe zisivujishe. Kitendo hicho ni kukalafati. Mafundi wa majahazi wanalo neno hilo kwa ubao, pamba na mafuta. Lina haki ya kutumika kwa chuma pia, kwa kuwa shabaha ni moja. Kadhalika tutenganishe kichwa na injini. Kichwa kiwe chombo kizima kinachovuta mabehewa. Injini iwe ile sehemu ya silinda, pistoni na mikono yake inayogeuza nguvu ya mvuke kuwa mwendo. Kichwa cha kundi la 59 kilikuwa kimoja, lakini kilikuwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma ya boila. Anayechanganya majina hayo hawezi kukieleza.

Sasa tuje kwenye vitenzi, ambavyo maofisa na wafasiri huvitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Kuhifadhi ni kuzuia kitu kisiharibike zaidi. Kukarabati ni kurekebisha kilichoharibika, hata kama chombo hakitafanya kazi. Kufufua ni kukirudisha chombo kwenye kazi yake. Kichwa kilichopakwa rangi na kusimamishwa mbele ya stesheni kimehifadhiwa; hakikufufuliwa. Mkataba unaosema kukarabati, ilhali mwenye fedha alikusudia kufufua, utazaa ugomvi, maana gharama za vitendo hivyo viwili hazikaribiani.

Nchi yetu ina mfano mmoja unaofundisha jinsi vitenzi hivyo vinavyofuatana. Meli ya mvuke ambayo Wajerumani waliipeleka Ziwa Tanganyika ikiitwa Graf von Götzen ilizamishwa nao wenyewe mwaka 1916, isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Iliendelea kutumia mvuke mpaka ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Ufufuzi wa mwaka 1927 uliwezekana kwa sababu ya uhifadhi wa mwaka 1916.

Maneno ya mvuke nayo yanazama, na hayajapakwa grisi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 akichochea moto mwaka 1975 alitimiza miaka 70 mwaka 2025. Wakati huo huo reli mpya imekuja: mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulianzishwa mwaka 2021. Reli hiyo italeta maneno yake, na ni haki yake. Lakini isiyafukie yale ya kwanza kabla hayajaandikwa.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya karakana ni ya mitaani na hayafai kuingia katika kamusi. Tuwajibu kwa kutazama ng'ambo ya ghuba, Geita. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa zama za ukoloni ulifungwa huko mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa haukurudi mpaka mwaka 2000. Wachimbaji wadogo wana msamiati kamili: shimo ni duara, miti inayozuia kuta zisibomoke ni matimba, mashine ya kusaga mawe ni karasha. Maneno mawili kati ya hayo yametoka Kiingereza na yamevaa sauti za Kiswahili. La kwanza ni letu tangu zamani, limepewa kazi mpya. Mkaguzi wa migodi akiandika onyo la usalama kwa maneno ambayo aliyemo ndani ya duara hayafahamu, onyo hilo litabaki ubaoni. Ni vivyo hivyo kwa boila.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuunda istilahi yoyote ya mvuke, zikusanywe kwanza zile zilizotumika, kwa kuwauliza wastaafu wa reli wa Tabora, Shinyanga na Mwanza, na kila neno liandikwe pamoja na mchoro wa kifaa chake. Pili, neno likiwa wazi na limezoeleka, lisanifishwe kama lilivyo, hata likiwa la kukopa. Tatu, maneno mapya yaundwe pale tu ambapo lugha ya karakana yenyewe inachanganya mambo mawili, kama inavyochanganya moshi na mvuke. Garimoshi na libaki kuwa jina la treni katika hadithi, nyimbo na mazungumzo. Katika maelekezo ya fundi aliyesimama mbele ya tanuri, moshi uwe moshi na mvuke uwe mvuke.