Mshubiri, Mbochi na Chozi

Jambo likiwa chungu kama shubiri, hakuna anayeuliza maana. Shubiri ni utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani la mmea, nao unajulikana na mama wa pwani, aliyeupaka kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Neno shubiri lilitoka Kiarabu, na mmea tukauita mshubiri kwa sababu ya utomvu huo. Ni jina la haki, ila limelisemea jani tu. Ua lina habari nyingine.

Ua la mshubiri ni mrija mwembamba, na ndani yake mna mbochi, maji matamu ambayo siku hizi wengi huyaita nekta. Mimi nashikilia mbochi: ni neno letu, fupi, na linatosha kabisa darasani. Anayeyafuata maji hayo ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Hutua kwenye bua, akainamisha kichwa, akautia mdomo ndani ya ua. Chavua humganda, naye huipeleka kwenye mmea mwingine. Mishubiri mingi haizai mbegu kwa chavua yake yenyewe, kwa hiyo uchavushaji huu ndio uzazi wake. Wala chozi huyu hachanganyiki na chozi la jicho. Upatanisho wa kisarufi unayatenga vizuri maneno hayo mawili.

Pemba ina chozi wake, Cinnyris pembae, ambaye watu humwita chozi wa Pemba. Ina pia mshubiri wake: Aloe pembana, uliopewa jina hilo la kitaalamu na mtaalamu wa mimea Leonard Newton mwaka 1998. Kilatini kimeshaitaja Pemba. Kiswahili nacho kiseme mshubiri wa Pemba.

Kulitaja neno mshubiri peke yake hakutoshi. Duniani kuna aina zaidi ya 500, na tunaouita mshubiri bustanini mara nyingi ni Aloe vera, mmea wa kupandwa. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa huo. Kijana wa Wete au Konde, kisiwani Pemba, atajuaje kwamba mmea wa mwituni una sheria yake, ikiwa yote miwili ina jina moja? Walimu wa Pemba, na ninyi watunga istilahi, andikeni mshubiri wa Pemba katika vitabu vya watoto, na ukurasa huohuo mwandike mbochi na chozi.