Stima, hospitali na ile lita moja ya dizeli

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, si kwa uvivu. Nilikuwa nikiandikia hospitali moja ya kaunti (jina naliweka kando) programu ndogo ya kusoma mita yake ya stima. Kazi hiyo imenirudisha kwenye historia, nami nawavuta huko.

Mama yangu ni muuguzi mstaafu. Ule mgao wa stima wa mwaka 2000 ulinikuta nikibebwa mgongoni. Kenya ilitegemea sana mabwawa ya Mto Tana. Mvua ikakosa, maji yakapungua, stima ikatolewa kwa zamu. Mama anakumbuka akina mama wakizalishwa kwa mwanga wa karabai, na dizeli ya jenereta ikipimwa kama dawa. Kubana matumizi siku hizo kulikuwa amri moja tu: zima taa! Matroni alizunguka korido zote akibonyeza swichi. Kifaa kipi kinakula stima kiasi gani, hakuna aliyejua. Bili ilikuja moja, ikaishia kwa mhasibu.

Mwaka 2012 zikaja kanuni za usimamizi wa nishati: jengo au kiwanda kinachotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake kila baada ya miaka 3. Ugatuzi wa 2013 ukazihamishia kaunti hospitali nyingi, bili zikafuata. Kisha 2015 serikali ikaanza kukodi mashine za eksirei, za kusafisha figo na za wagonjwa mahututi kwa ajili ya hospitali 98. Baadhi zilikaa bila kazi kwa sababu stima, maji au wahudumu hawakutosha. Jamani, hiyo ni kama kusakinisha programu nzito kwenye kompyuta bila kuuliza ina kumbukumbu kiasi gani!

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili akaangukia transfoma pale Gitaru, nchi nzima ikaingia gizani. Mtandaoni tulicheka sana. Mama hakucheka, aliuliza tu jenereta za wadi zina mafuta kiasi gani.

Swali hilo ndilo lililonikaa kichwani nilipoona data ya mita. Nilitarajia usiku mstari ushuke. Wapi! Ulishuka kidogo tu. Fundi wa hospitali nami tukatembea na tochi jengo hadi jengo, tukakuta hita ya maji ya kilowati 3 ikichemsha maji katika jengo ambalo halina mgonjwa. Kwa hesabu, hita hiyo ikiwaka ni sawa na taa za mirija za wati 36 zaidi ya 80. Maskini matroni, alikuwa akikimbizana na swichi zisizo na makuu.

Sasa ichukulie hita hiyo stima ikipotea. Lita moja ya dizeli hutoa takriban yuniti 3, kwa hiyo hita inaimaliza kwa saa moja hivi. Mashine ya kumpa mgonjwa mmoja oksijeni hutumia kama wati 350. Lita ile ile ingemvusha saa 8.

Nilipomwonyesha Mama hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni zamu nzima ya usiku."

Hita tumeizima. Wiki ijayo tunafunga mita ndogo kule dobi, nadhani kuna mengine yamejificha huko.