Nani Aliyeiunda Sayula?

Waulize wapenzi wa mashua za tanga ni nani aliyeshinda mbio za kwanza za Whitbread za kuzunguka dunia. Watakujibu upesi: Ramón Carlin, tajiri wa Mexico, na chombo chake Sayula II, mwaka 1974. Waulize nani alikichora. Watakwambia ni ofisi ya Sparkman & Stephens ya New York. Sasa waulize nani alikiunda. Hapo utatajiwa jina la kampuni tu, Nautor, basi.

Msomaji mwenzangu, historia ya namna hiyo hainishibishi. Twende Ufini tukaitafute nusu yake ya pili.

Pietarsaari ni mji mdogo wa pwani ya magharibi, ulioanzishwa mwaka 1652. Wakazi wake wengi husema Kiswidi, nao huuita Jakobstad. Eneo hilo liliishi kwa kuunda meli za mbao. Mwaka 1844 meli ya mfanyabiashara wa mji huo, Peter Malm, iliyoitwa Hercules, iling'oa nanga. Ilirudi mwaka 1847 ikiwa imeizunguka dunia, ya kwanza miongoni mwa meli za Ufini. Baadaye yakaja mambo ya chuma na mvuke, soko la meli za mbao likafa. Lakini ufundi haufi siku moja na soko lake. Ulibaki kwenye boti ndogo ndogo, na katika mikono ya maseremala.

Mwaka 1966 akatokea kijana mmoja, Pekka Koskenkylä, muuzaji wa mifuko ya karatasi. Eti anataka kutengeneza mashua za kifahari za kuvukia bahari kuu, tena si kwa mbao bali kwa faibaglasi! Akaenda kwa Sparkman & Stephens, wakampa mchoro wa mashua ya futi 36. Jina la biashara likawa Swan. Mwaka 1969 moto ukateketeza karakana, na kampuni kubwa ya mbao na karatasi ya mji huo ikaingia kuiokoa. Mtaji ulitoka huku na huku, lakini mafundi walikuwa wa pale pale.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Usidhani faibaglasi ni kumimina uji kwenye kalibu. Vitambaa vya nyuzi za kioo hulazwa tabaka juu ya tabaka, hulowekwa gundi, kisha fundi hupitisha rola akikamua hewa yote. Kipovu kimoja kikibaki humo ndani hakionekani, bwana, ila bahari itakigundua. Kisha mkuku mzito wa risasi hufungwa chini kwa boliti. Ndipo maseremala wanapoingia: sitaha ya msaji, ubao kwa ubao, na kila mwanya kuzibwa maji yasipite. Mwenye mali anapolipa pesa nyingi, huona msaji unaong'aa. Kumbe sehemu kubwa ya alichokinunua hataiona maisha yake yote.

Sayula II ilikuwa Swan ya futi 65. Iliondoka Portsmouth Septemba 1973 pamoja na vyombo vingine 16. Kati ya Cape Town na Sydney, katika bahari ya kusini yenye baridi kali, wimbi liliipiga ikapinduka. Watu waliokuwa ndani walirushwa kama maharage kwenye debe, wengine wakaumia. Kisha uzito wa ule mkuku ukaiinua tena, milingoti yote miwili ikiwa imesimama! Katika mbio zile mabaharia watatu wa vyombo vingine walipotea baharini. Wa Sayula wote walirudi, na kombe wakalichukua.

Sasa niambie, katika dakika ile ya giza, nani alikuwa akiwashikilia wale watu? Carlin alikuwa shujaa, sikatai. Lakini alikuwepo pia mtu fulani wa Pietarsaari ambaye, siku moja ya kawaida, alikaza boliti mpaka mwisho ingawa hakuna ambaye angekuja kuichungulia.

Katika riwaya ninayohangaika nayo nimempa fundi wa namna hiyo sura nzima. Nawe unayeshika kalamu, ukiandika habari za meli, nyumba au daraja, usiishie kwa mwenye mali. Nenda karakana. Uliza majina, uyaandike, wenyewe wangali hai.