Kadi ya Shirley

Nina kamera ya filamu niliyonunua mtumba, na kila nikiitoa mtu huniuliza kama bado inafanya kazi. Inafanya. Picha 36, basi. Simu yangu ina maelfu ambayo sijawahi kuyarudia, lakini zile 36 nazikumbuka moja moja, hata zilizoungua.

Napenda rangi zake. Ila rangi hizo zina historia, na mimi niliiona kwenye albamu ya mama kabla sijaisoma popote. Ni harusi yake, 1979. Gauni linang'aa, keki inaonekana hadi maua yake, lakini uso wa mama umekuwa kivuli chenye meno. Nyumbani tulimlaumu mpiga picha. Maskini, huenda alijitahidi.

Miaka hiyo Kodak ilizipa maabara za kuosha picha kadi ya mwanamke wa Kizungu. Iliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa kwenye kadi za mwanzo. Fundi alirekebisha mashine hadi ngozi ya Shirley itoke vizuri, kisha akaendelea na kazi. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak, akisema ni ya kibaguzi.

Na unajua nani walisikilizwa? Wenye viwanda vya chokoleti na samani. Walilalamika kwamba kwenye matangazo yao chokoleti nyeusi haitofautiani na ya maziwa, na mbao zote zinafanana. Filamu ikaboreshwa. Gold ilipotoka miaka ya 1980, ilisifiwa kwamba inaweza kumpiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Farasi, jamani! Sisi tulipita mlango huo huo, nyuma yake.

Juzi nilimketisha mama karibu na dirisha, nikiwa na Gold. Simu ingemaliza kazi kwa sekunde, tena ingemng'arisha bila kuombwa. Lakini nilitaka filamu, ile ile jamii ya kitu kilichomkosa siku ya harusi, imwone. Nikaacha mwanga uingie mara mbili ya kipimo cha kamera, nikabonyeza mara moja tu.

Filamu bado iko kwa fundi. Mama ameshapiga simu mara mbili, anauliza kama uso umetokea.