Kituo Chetu cha Reli: Hesabu Isiyo Kwenye Daftari

Ndugu wana Mang'ula popote mlipo,

Kazi yangu ni uhasibu. Kwenye vitabu vyetu jengo huandikwa kwa gharama yake, kisha kila mwaka hukatwa uchakavu mpaka thamani iishe. Kwa hesabu hiyo, kituo cha reli chenye abiria wachache ni hasara, na dawa yake ni kukifunga. Lakini yapo yaliyolipwa hapa ambayo hayamo kwenye vitabu.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ilianza kujengwa Oktoba 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa Julai 1976. Mang'ula palijengwa kambi na karakana kubwa ya ujenzi. Wazee wetu waliachia mashamba na maeneo ya makazi, wakiambiwa kwamba wanajenga taifa.

Treni ya kawaida ilisimama hata vituo vidogo. Mpunga na ndizi zikapata soko, na mama mwenye tenga moja akaweza kufanya biashara. Ada yangu ya shule ilipitia dirisha la behewa, kwa ndizi alizouza mama yangu pale kituoni.

Miaka ya 1990 ikaja na ubinafsishaji. Majengo yaliyobaki tangu ujenzi yakaanza kupata wenyewe wapya, na treni ya kawaida ikawa hatarini kupisha treni za haraka zinazoruka vituo vidogo. Mei 1994 kundi la wazee wa Mang'ula likaandika barua ya malalamiko. Hoja yao ilikuwa historia yenyewe: ardhi tuliitoa sisi, na tulielewa kwamba majengo haya yatabaki kwa faida ya wananchi.

Wazee wale walidai kwa kumbukumbu za vichwani. Wengi wao wametangulia mbele ya haki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Napendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu ikusanye simulizi za wazee waliobaki, pamoja na picha, tiketi na barua zilizo masandukuni mwetu. Siku likija tena suala la kufunga kituo au kuuza jengo, watoto wetu wawe na cha kuweka mezani.