Deni, Hukumu na Mshahara katika Bonde la Kilombero

Leo twataka kueleza habari ya deni lililokwisha kuamuliwa mahakamani, maana wengi hudhani ya kuwa hukumu ikisomwa shauri limekwisha. Hasha, kwa mdaiwa ndipo linapoanza.

Tuitazame nchi ya Kilombero, toka Ifakara hata Idete. Zamani watu wa huko walitegemea mpunga, na mwenye deni dukani alingojewa hata mavuno. Mwaka 1931 Serikali ya Waingereza katika Tanganyika iliweka sheria ya kuwa deni la Mwafrika kwa mfanya biashara asiye Mwafrika halidaiwi mahakamani ila likiwa limeandikwa na kukubaliwa na Bwana Shauri. Sheria hiyo ilimkinga mkulima. Walakini Mwafrika mwenye duka dogo, aliyetaka kuchukua bidhaa kwa mkopo, alikosa wa kumwamini. Twaona ngao ile ilikuwa nzito kwa yule yule aliyepewa.

Mshahara ni jambo jingine. Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno, bali mwenye mshahara hupata kila mwezi, na mdai ajua zilipo. Kanuni za mashauri ya madai zilitungwa Bara Hindi mwaka 1908, zikaletwa Tanganyika mwaka 1920. Kwa kanuni hizo mahakama iliweza kumwamuru mlipaji wa mishahara ya Serikali au ya reli azuie sehemu ya mshahara wa mdaiwa na kuipeleka mahakamani mwezi kwa mwezi. Lakini si wote. Kama zilivyoandikwa huko Hindi, mshahara usiozidi rupia 20 kwa mwezi haukuguswa. Uliozidi 20 usipite 40, mwenyewe aliachiwa rupia 20. Uliopita hapo, aliachiwa nusu. Ujira wa vibarua na watumishi wa nyumbani haukuguswa kabisa, wala zana za fundi, wala jembe na mbegu za mkulima. Aliyezitunga alijua kuwa asiye na mbegu hatalipa mwakani.

Mwaka 1966 Tanzania ilitunga kanuni zake yenyewe. Wakati huo mashamba ya miwa yalikwisha kuleta mishahara Kilombero, na baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975. Katika kanuni hizo, riba ya deni lililohukumiwa ni 7 kwa 100 kila mwaka, tangu siku ya hukumu hata siku ya kulipa; wenyewe wakiafikiana kwa maandishi yaweza kuzidi, isipite 12. Basi aliyehukumiwa shilingi 100,000, akakaa miaka 5 bila kulipa, adaiwa 135,000, mbali na gharama za shauri. Na kujificha hakumfai, maana hukumu yaweza kukazwa hata miaka 12. (Mahakama za Mwanzo, zilizo karibu na vijiji, zina kanuni zake za mwaka 1964, mwenye shauri huko na amwulize karani kwanza.)

Asiyeweza kulipa kwa mara moja aweza kuiomba mahakama alipe kwa mafungu. Akiomba kabla ya hukumu, hakimu akiona sababu ya kutosha humkubalia. Akiomba baadaye, sharti mdai aridhie; na mdai aliyemfuata miaka mitatu, akilipa nauli toka Idete hata Ifakara, si mwepesi wa kuridhia.