Engaruka na Hukumu ya Kushindwa

Akiolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha ya kale kwa vitu vilivyosalia ardhini, haina kipimo cha kushindwa. Kinachopimika ni kuhamwa kwa makazi, na kutoka hapo hadi kutamka kwamba jamii ilishindwa kuna safari ndefu ambayo watafiti wengi wameikatiza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Monduli, Tanzania, ambako kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zimegawa mashamba ya kale yapatayo hekta 2,000, yaliyomwagiliwa kwa mifereji iliyochepushwa kutoka vijito vinavyoshuka milimani. Wakulima waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi, na kufikia karne ya 18 walikuwa wameondoka.

Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikisia kwamba wakazi walikuwa makumi ya maelfu, hesabu ambayo waliomfuata waliiona kubwa mno. Mwanaakiolojia John Sutton naye alieleza kuhama kwao kwa jamii iliyojifunga katika aina moja ya kilimo hadi udongo ukachoka, vijito vikapungua, na pa kukimbilia pakakosekana. Hoja hiyo ina uzito wake, ila ramani ya kuta zinazoonekana juu ya ardhi humshawishi msomaji aamini kwamba zote zilitumika kwa wakati mmoja.

Mwanaakiolojia Daryl Stump aliyachimba mashamba yenyewe. Nyuma ya baadhi ya kuta alikuta tabaka juu ya tabaka la udongo laini ulioletwa na maji, kwani wakulima waliyazuia maji ya kijito yatulie na kuacha tope lake, kisha wakaongeza mawe kadiri udongo ulivyopanda, hata shamba likazaliwa juu ya ardhi iliyokuwa haifai kulimwa. Tope hilo, ambalo kwa macho ya haraka lingehesabiwa kuwa dalili ya mmomonyoko, yaani kuchukuliwa kwa udongo na maji, kumbe lilikuwa mtaji wao. Mfumo uliojengwa hatua kwa hatua namna hiyo, ukalisha watu kwa takriban miaka 300, hauwezi kuitwa jaribio lililoshindwa kwa sababu tu wenyewe walihama.

Mto Engaruka ungali unatiririka, na wakulima wa kijiji cha leo humwagilia mashamba yao kwa mifereji inayotoka humo.